Kura Yangu ya Hapana

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kasongo, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitafsiri programu ya kompyuta kwa Kiswahili bila kulipwa hata franga. Ni programu ya bure, ya kuandikia barua na kupigia hesabu, inayotengenezwa na watu wa kujitolea wa kila pembe ya dunia. Hatuonani. Tunakutana kwenye jukwaa la mtandaoni, tunabishana juu ya neno moja wiki nzima, kisha tunatakiana sikukuu njema. Mume wangu anaita kazi hiyo shamba langu la hewani, na kila ninaponunua mega za intaneti ananiuliza kama mihogo imeshakomaa.

Timu yetu ya Kiswahili ina mratibu, na mratibu ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya kila neno linalotokea kwenye kioo cha kompyuta. Yule wa zamani alipotangaza kwamba anaondoka, nilikitaka kile kiti. Nasema wazi. Nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka ukuu wowote shuleni, maana shuleni watu hupewa vyeo kwa kujuana, na huku nilikuwa nimetoka jasho.

Lakini kulikuwa na binti mmoja wa Salamabila, kule kwenye machimbo. Alitoka Bukavu kufuata biashara ya dhahabu, akaishia kufungua kibanda cha kuchaji simu na kuchapisha karatasi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwingiza kwenye timu, nikamfundisha jinsi ya kutuma tafsiri na jinsi ya kujibu watu kwa adabu. Kumbe nilikuwa namnoa mshindani wangu. Wafanyabiashara wa kule walikuwa wamefunga antena nzuri, basi yeye alikuwa mtandaoni asubuhi mpaka jioni, wakati mimi ninapanda hadi karibu na misheni, nanyoosha simu juu nikitafuta mtandao. Akiandika sentensi mbili, watu wa Ulaya wanamwekea alama za moyo. Mimi naandika ukurasa mzima wenye hoja, napata kidole gumba kimoja. Roho iliniuma mpaka nikawa nazihesabu zile alama zake kabla ya kusoma ujumbe wangu mwenyewe.

Kanuni za uchaguzi nilizijua, kwa sababu mimi ndiye niliyezitafsiri. Mtu hajitaji mwenyewe, anatajwa na mwenzake, kisha anajibu hadharani kama anakubali. Akikataa, jina linaondolewa. Akibaki mgombea mmoja, watu wanampigia kura ya ndiyo au hapana; majina ya waliopiga yanatangazwa, lakini nani kapiga ipi inabaki siri. Na wasipopiga kura angalau nusu ya wanachama, uchaguzi unafutwa na majina yanatajwa upya.

Mwanachama mmoja wa Kindu akanitaja mimi. Moyo ulinidunda kwa furaha. Nikajibu kama mtu aliyelelewa: nashukuru sana, lakini mzigo huu ni mkubwa, mimi sitaweza, tafuteni mwingine anayefaa zaidi. Hivyo ndivyo inavyofanyika kwetu. Kwenye kwaya ya parokia, ukitajwa kuwa rais unakataa, watu wanapiga makofi, unakataa tena, akina mama wanapiga vigelegele, ndipo unainuka polepole kama unayeburutwa. Anayekubali mara ya kwanza wanamwona ana njaa ya cheo.

Nikakaa kusubiri makofi. Msimamizi wa uchaguzi, mtu wa nchi ya mbali, akaandika: asante kwa jibu lako la wazi. Akaondoa jina langu. Yule wa Kindu alijaribu kueleza desturi yetu, akajibiwa kwamba aliyekataa amekataa, kanuni ni kanuni.

Siku ileile binti wa Salamabila naye akatajwa, na baada yake hakutajwa mwingine. Jibu lake lilikuwa fupi: nakubali, asanteni. Alama za moyo zikamiminika. Kisha akanipigia simu, akiniita yaya, dada mkubwa, kama kawaida yake.

"Yaya, unakataa juu ya nini? Mimi nilijua ni weye."

"Kazi iko mingi hapa, mudogo wangu," nikasema.

Kama ulijua ni mimi, ungekataa na wewe, nilisema moyoni. Wiki ile chakula hakikupita vizuri. Nilimwonea wivu kibanda chake, antena yake, ujana wake, hata ule ujasiri wa kuandika nakubali bila kuzungushazungusha maneno.

Siku ya kura ikafika. Huku kwetu, mtu usiyemtaka hapewi hapana ya mdomoni. Unabaki nyumbani tu, unasema mtoto ana homa, na mkutano unakosa watu. Lakini ustaarabu wa kwetu ulikuwa umeshaniponza mara moja, sikutaka uniponze tena. Safari hii nitafuata kanuni, nikajiambia, na hapana yangu itaonekana kwenye matokeo. Nikapanda hadi misheni juani, nikasubiri ukurasa ufunguke, nikabonyeza hapana. Nilishuka nikiwa mwepesi, nikanunua ndizi njiani, nikazila zote kabla ya kufika nyumbani.

Matokeo yalitangazwa kesho yake. Ndiyo zilikuwa nyingi, hapana ilikuwa moja. Chini yake msimamizi akaongeza kwamba wanachama wengi hawakujitokeza, na nusu inayotakiwa imefikiwa barabara, bila hata mtu mmoja wa ziada. Nilisoma mara ya pili, nikaketi. Kura ya hapana nayo ni kura, inahesabiwa kwenye nusu. Kama ningebaki nyumbani na hasira zangu, uchaguzi ungefutwa na jina langu lingetajwa tena.

Simu ikalia. Ni yule binti, na sauti yake ilikuwa imejaa machozi ya furaha.

"Yaya, nimeona jina yako kati ya wale walipiga kura. Bila weye singepita! Mutu moja tu angekosa, wangeanza upya. Nitakushukuru namna gani?"

Nikamwambia hongera.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Lakini iko mutu moja aliandika hapana. Yaya, nilimukosea nini huyo mutu?"

Nikamwambia kweli tupu: hata mimi sijui.