Wa Nyuma Kabisa

Kwa miaka thelathini na tisa Odilo Andenmatten aliongoza wageni vileleni, na kijiji kizima kilijua msimamo wake: mwanzo wa kiangazi, theluji ikishalainika kwa jua na kumeza buti hadi kifundo cha mguu, unageuka kabla haijaporomoka, hata kama kilele unakiona. Wageni walimnunia, wengine wakamwita mwoga mbele ya macho yake. Mkaidi alikuwa mkaidi kweli, lakini wote aliowapandisha aliwashusha wakiwa hai.

Asubuhi ile ya Juni alitangulia yeye. Katikati ya kamba iliyowaunganisha alifungwa Joris, daktari wa meno kutoka Ubelgiji, na nyuma bintiye Regula, mwongozaji pia. Kufikia saa tatu jua lilikuwa limeshawaka, na kilele kimebaki mita mia hivi. Regula akatazama nyayo za baba yake. Buti zilizama hadi kifundoni, na mzee anapanda tu.

"Baba, simama kwanza."

"Nini tena? Umechoka? Nikubebe mgongoni?"

"Tazama miguu yako."

Odilo akainama, akatazama.

"Tangu lini?"

"Tangu pale kwenye mwamba. Nilikuwa nangoja useme wewe."

"Sikuhisi kitu, mwanangu. Tangu baridi ilipoviunguza vidole vyangu mwaka juzi, miguu imekufa ganzi."

Hakuwahi kumwambia mtu. Regula alitaka kumfokea, akashindwa.

"Jamani, kilele si pale tu?" Joris akalalamika.

Odilo akamgeukia. "Pale pale ndipo tunapookotea maiti, daktari. Geuka."

Wakati wa kushuka, wageni na wasaidizi hutangulia na mwongozaji mkuu hubaki nyuma kabisa, kwa kuwa mtu akiteleza, yeye ndiye wa kuwashika wote. Wakigeuka walivyo, nafasi hiyo ilikuwa ya Odilo. Lakini walipofika sehemu tambarare alifungua fundo lake, akampita Joris, akasimama mbele ya bintiye.

"Nenda nyuma."

"Baba, huku mbele ni kwa wageni na wasaidizi."

"Unanifundisha kazi? Nenda."

Ilimuuma mzee, tusidanganyane. Regula alipokwenda nyuma ya Joris, yeye alijifunga kamba mahali ambapo hakuwa amejifunga tangu ujana wake. Kisha akaanza kuteremka, haraka kidogo, asije akaonekana uso.

Nyuma yake kamba ikakazwa.

"Polepole, Baba," akasema Regula, kwa sauti ile ile anayowaambia wageni.

Odilo akapunguza mwendo.