Kanga ya Msiba wa Mtu Aliye Hai

Mama alikuwa hasikii. Homa ya utotoni ilimwachia macho tu, na kwa macho hayo aliongea na mdogo wangu aliyeko Afrika Kusini. Kila Jumapili baada ya misa ni video, mikono inacheza, majirani wa kijijini kwetu Lundo wanacheka. Simu ya kawaida kwake ilikuwa kama kipande cha sabuni.

Siku zile za uchaguzi, video ikagoma. Soko huria, bwana! Nilikuwa na laini tatu za kampuni tatu, nikazibadilisha zote, wapi! Nikapanda kilimani tunakofuata mtandao siku zote, nikakuta nusu ya kijiji wameinua simu juu. Mdogo wangu nilimpata kwa simu ya kawaida, mzima wa afya. Nikamweleza Mama kwa ishara. Hakuniamini; aliona namficha msiba.

Angeniamini vipi? Kwetu mtu haambiwi msiba kabla hajala. Analishwa kwanza, anazungukwa na ndugu, ndipo anaambiwa. Nami kwa huruma nikampikia mbasa, samaki ampendaye, nikawaita shangazi waje wamchangamshe. Loo! Kumbe nimemwandalia matanga. Akasukuma sahani, akafungua sanduku, akajifunga kanga nyeusi aliyomlilia Baba. Kesho yake hakugusa hata uji. Niliogopa, jamani. Niliona namzika yeye.

Dada muuza vocha wa pale mwaloni, mitumbwi inapotia nanga, akanikuta nashuka tena kilimani.

"Kaka, huko juu unamfuata nani? Mtandao upo, njia ndiyo imefungwa. Lete simu."

Akanirushia programu ya kukwepa kufungiwa kutoka simu yake, akabonyeza, akasema sasa napitia Uholanzi.

"Uholanzi, na matope haya miguuni?"

Akacheka, akakataa hata soda, akanifuata nyumbani.

Uso wa mdogo wangu ukatokea. Mama akautazama, akautazama, kisha akaipiga simu kofi! Halafu mikono ikauliza: umekula? Kijana akainua sahani yake ya ugali, analia. Mama akavuta ya kwake.

Alipomaliza, akaifungua ile kanga, akamfunga yule dada kiunoni.

Mama alikuja kufariki baadaye, kwa kifo chake mwenyewe, ameshiba, mdogo wangu amerudi, amemshika mkono. Yule dada alikuja kumlilia na kanga ile. Mungu amzidishie.