Siku Nilipodaka Michomo ya Mwanangu Mbele ya Msaka Vipaji

Mwanangu alinipiga usoni mbele ya watu elfu mbili, na watu wakasimama kushangilia.

Kabla hamjaniitia polisi, tulieni niwaeleze.

Naitwa Darla Wasylyk. Miaka arobaini na sita, stashahada ya usafi wa meno, mume mmoja, mtoto mmoja. Mji wetu wa Dunvale wote unacheza hoki ya barafuni, kwa hiyo nusu ya wateja wangu wakifungua mdomo nakuta meno yalishang'olewa mchezoni, hamna cha kusafisha.

Mtoto wangu, Jarret, hoki ndiyo kazi yake. Msimu ninaousimulia ulikuwa wake wa tano na timu ya Nyegere wa Dunvale, daraja la pili. Alikuwa anazunguka nchi kwa basi, na ligi kuu anaiona kwenye televisheni kama mimi.

Kufunga anajua. Shida yake ilikuwa kichwa.

Akikosa bao, gongo lake la kuchezea lilikuwa linavunjwa kwenye mwamba wa goli. Msimu ule alishavunja kumi na moja. Kipande kimoja kiliruka kikampata mpiga tarumbeta wa bendi.

"Ajali," alisema.

Haya, ajali.

Jumamosi moja ya Februari akanipigia simu asubuhi.

"Mama, anakuja!"

"Nani, Yesu?"

"Msaka vipaji wa ligi kuu! Kocha kasema hii ndiyo mara ya mwisho. Leo nikichemsha, hawarudi tena."

"Basi usichemshe. Na uvae soksi safi."

"Mama, soksi za bahati hazifuliwi. Unajua."

Najua. Ndiyo maana zinalala gereji.

Sasa, kilichoniponza ni sheria moja ya ligi yetu. Timu mwenyeji lazima iwe na kipa wa dharura jukwaani, raia wa kawaida tu, na timu itakayoishiwa makipa inamchukua yeye. Timu yoyote. Hata wageni.

Wa kwanza kwenye orodha yetu ni Gord, fundi bomba. Wa pili ni mimi, maana nadakia timu ya kina mama kila Jumanne. Siku ile baridi iligandisha mabomba mtaa mzima, Gord akawa chini ya sinki la mtu.

Nikakaa jukwaani na mume wangu Orest, soseji mkononi.

Wageni walikuwa Tai. Kipa wao wa pili alibaki kwenye basi, kichwa ndani ya ndoo. Alikula mayai ya siki ya kituo cha mafuta, mjinga yule. Kipindi cha tatu, kipa wao wa kwanza akachanika msuli wa paja, wakambeba.

Spika zikaita jina langu.

Orest akageuka taratibu. "Darla. Hao si ndio wanaocheza na Jarret?"

"Nishikie soseji," nikamwambia.

Kocha wa Tai aliniangalia juu hadi chini. "We mama, kudaka unajua?"

"Kwani unaye mwingine?"

"Karibu sana, mama."

Nikaingia barafuni na jezi ya adui. Tai mabao manne, Nyegere mawili, zimebaki dakika kumi na moja.

Jarret akaja mbio, akafunga breki mbele ya goli, theluji ikanijaa miguuni.

"Mama, toka humo!"

"Ni sheria, siyo mimi."

"Yule mtu yuko pale juu ananiangalia!"

Nikainama kama narekebisha pedi. "Nisikilize. Piga ule mchomo wako. Mimi nitaangalia pembeni."

Ndiyo, nilisema hivyo. Nilikuwa tayari kuuza mchezo kwa ajili ya mwanangu. Mama asiyewahi kuwaza hivyo na anirushie jiwe, nitalidaka.

Huku wenzake kwenye benchi wamepata burudani.

"Jarret, omba ruhusa kwanza!"

"Nawa mikono ndiyo upige!"

Mchomo wa kwanza ulikuja baada ya dakika mbili. Nikauambia mkono wangu wa kushoto, tulia.

Haukutulia.

Tatizo ni hili. Huyu mtoto tangu ana miaka sita ananipigia michomo gereji, mimi nimevaa glavu ya kutolea mikate kwenye oveni, mashine ya kukaushia nguo nyuma yangu imejaa mabonde mpaka leo. Bega lake la kulia likishuka, kisahani, kile kijiduara kigumu tunachopiga badala ya mpira, kinakuja juu kushoto. Kichwa changu kinaweza kusahau. Mkono haujawahi.

Bega likashuka. Pa! Kisahani kikalala kwenye glavu kama yai kwenye kiota.

Uwanja ukalipuka. Mimi nikataka kulia.

"Mama!"

"Samahani, umenitoka!"

"Nini kimekutoka?"

"Mkono!"

Baadaye kidogo kijana mwingine wa Nyegere akapiga kashuti ka hovyo, kakanipita kati ya miguu. Manne kwa matatu. Yaani mtoto wa watu nimemwachia bila kutaka, wangu nimemnyima bila kutaka.

Mchomo wa pili, Jarret alikuja peke yake. Nikajiinamia. Akaona nimeinama, akapiga chini. Mguu wangu wa kulia, shetani yule, ukaruka wenyewe.

Kisahani kikagonga pedi kikaenda zake.

Hapo ndipo Jarret alipoinua gongo. La kumi na mbili hilo. Alilinyanyua juu ya kichwa, kwenye mwamba wa goli langu, shingo imejaa mishipa.

Nilimkata jicho.

Mnalijua. Lile jicho la wageni wako sebuleni, na mtoto ananyoosha mkono kwenye kipande cha mwisho cha keki. Nilimtupia hilo kupitia wavu wa chuma wa kofia.

Gongo likabaki hewani. Halafu likashuka, polepole, likagusa barafu. Akageuka, akamkimbilia Tai aliyetakiwa kumkaba, akampokonya kisahani.

Mchomo wa tatu zimebaki sekunde nne. Safari hii nilifumba macho, nikasimama kama kabati. Bora nisione kabisa.

Kisahani kikanipiga katikati ya paji la kofia. Ngoooo!

Mchezo ukaisha. Nikalala chali nasikia kengele za kanisa.

Jarret akaja, akagonga pedi zangu mara mbili kwa gongo, kama wanavyompongeza kipa wa kwao.

"Sili kwako mpaka barafu iyeyuke," alisema.

"Basi tuonane Mei."

Nilimuona anaondoka kichwa chini, nikajua nimemzika mtoto wangu.

Koridoni nikakuta mzee mfupi mwenye kikombe cha kahawa ananisubiri. Msaka vipaji.

"Mama Wasylyk, mabao ya mwanao tunayo kwenye video, hayo hayakunileta. Nilikuja kuangalia hasira zake."

Nikavua glavu, nikaibana kwapani.

"Leo amezuiwa na mama yake mzazi, uwanja mzima unamcheka. Kainua gongo alivunje. Halafu nikamwona, kwa macho yangu, anajituliza mwenyewe na kurudi kukaba. Mwanaume mzima yule. Nani kamfunza kujizuia vile?"

Kule juu alikokaa, kofia yangu ilikuwa imempa kisogo; lile jicho hakuliona.

"Sijui," nikasema. "Kakua tu."

Wiki iliyofuata Jarret aliitwa ligi kuu. Yupo huko mpaka sasa, na hajavunja gongo hata moja.

Kwenye kabati lake la chumba cha kubadilishia nguo amebandika picha yangu nikiwa na ile kofia, macho tu ndiyo yanaonekana. Wenzake wanasema, jamani, kijana anampenda mama yake.

Wacha waseme hivyo.

Wenzangu mnaolea, msiwaachie watoto bao. Hata mkiamua kuwaachia, ombeni mikono yenu ikatae. Na mkimwona mwanaume mtulivu anasifiwa hadharani, msiharakishe kumpa hongera yeye.

Tafuteni kwanza aliyekaa mbele yake anamtazama.