Mkandaji wa Kibra Asiyeuliza

Saa moja asubuhi, Jumamosi ya fainali, Bi Sitelbanat amelishika goti la Fadul kwa mikono iliyolowa mafuta ya simsim. Haulizi kitu. Nje, nahodha Abdelkarim anazungukazunguka mlangoni. Saa tisa Kibra inakutana na Pumwani kugombea kikombe cha mwaka huu wa 1951, na bila mshambuliaji huyu, kikombe hatukipati.

"Bado linauma," anasema Fadul.

Bi Sitelbanat anaendelea kukanda.

Ana miaka hamsini na mitatu. Kwa siku hukanda watu sita hadi wanane, na kuunga mifupa pia. Wengine humlipa shilingi, wengine mayai. Lakini kinachowashangaza watu wa Kibra ni jinsi anavyonyamaza. Mwandishi wenu alikwenda kumhoji, na kabla robo saa haijaisha alijikuta anamsimulia ugomvi wake na mkwewe.

"Jibu la kwanza mtu hulitoa kwa adabu," anasema mama akicheka. "Ukinyamaza, analeta la pili."

Alijifunza hayo mumewe aliporudi kutoka vita vya Burma akiwa hataki kuongea. Kila siku alimuuliza, na kila siku aliambiwa hakuna kitu. Kisha koo likamvimba yeye Bi Sitelbanat, akakosa sauti siku tatu. Siku ya pili mume alianza kusimulia mwenyewe, akaendelea mpaka jioni.

Leo ni zamu ya Fadul. Anatazama mabati, anajifuta jasho.

"Goti lilipona wiki iliyopita," anasema hatimaye. "Ni Ng'ang'a. Nilimvunja mguu, nikausikia mfupa. Tangu siku hiyo sijaenda kumwona."

Ng'ang'a ni mwashi, beki wa Kawangware. Aliumia kwenye nusu fainali, na aliyeufunga mguu wake kwa vipande vya mbao ni mama huyuhuyu. Sasa Bi Sitelbanat anavaa viatu. Abdelkarim analalamika kwamba muda unakwenda. Wote wanashika njia ya Kawangware, mwandishi nyuma akihema.

Ng'ang'a amekaa nje ya nyumba ya mama yake, mguu juu ya kigoda. Fadul anaomba msamaha, kisha maneno yanamwishia. Mwandishi alipofungua kinywa kusaidia, Bi Sitelbanat alimkanyaga mguu. Kimya hicho kilikuwa kirefu kuliko mechi yoyote!

"Nilikukasirikia," anasema Ng'ang'a. "Lakini sisi tulifungwa, ninyi mkaenda fainali. Ukikaa nje leo, mimi nimevunjikia nini?"

Fadul alirudi Kibra mbio. Alasiri alifunga mabao mawili, na uwanja mzima ulikuwa unaruka. Furaha gani hiyo!

Bi Sitelbanat hakuyaona. Alibaki Kawangware, akiubadilishia mguu wa Ng'ang'a vitambaa, na habari ya ushindi ilimkuta huko. Alipoulizwa anatumaini nini sasa, alizigusa mbao za mguuni.

"Desemba nitazifungua mbao hizi. Ng'ang'a atasimama, atatafuta bega la kushika. Nataka liwe la Fadul."