Mkono Uliopima Mafuta

Mwaka 1953, wiki mbili baada ya Pasaka, niliunguzwa mgongo na mwanamke aliyekuwa na mkono mwepesi kuliko wote Ifakara. Mimi naitwa Yosefina. Wakati huo nilikuwa na miaka kumi na minane, na Jumamosi ya wiki ile ile nilikuwa nifunge ndoa na Valeriani, kijana wa Chita.

Mwanamke huyo aliitwa Emerensiana. Watu walimwita Mama Konsolata, kwa jina la binti yake wa pekee aliyeolewa Mahenge. Aliishi Lipangalala na mumewe Fulgensi, mvuvi wa kambale. Kazi yake ilikuwa ngozi za watu. Alikaanga mbegu za nyonyo, akazitwanga, akazichemsha mpaka mafuta yakapanda juu, kisha akayaengua taratibu kwa upawa. Hayo yalikuwa ya nywele na ya watoto wachanga. Ya maharusi aliyakamua kwenye ufuta, akalowekea majani ya kivumbasi humo kwa siku saba. Na kabla hajakupaka chochote, alikusugua mwili mzima kwa pumba laini za mpunga, zile za mwisho kabisa kwenye ungo, alizozikanda kwa maji ya uvuguvugu. Dada zangu wawili walipita mikononi mwake. Walitoka wanang'aa kama samaki aliyetolewa majini sasa hivi.

Madukani kwa Wahindi kulikuwa kumeanza kuuzwa mafuta ya kopo. Siku moja mtu alimletea kopo alione. Akalifungua, akanusa, akalirudisha. "Hiki kitu kilikufa zamani," alisema.

Juu kidogo ya kifundo cha mkono wake wa kushoto kulikuwa na baka lililopauka, ukubwa wa senti kumi. Sote tulikuwa tukiliona. Yeye alisema ni moshi na jasho la jikoni, akawa analipaka nyonyo kila jioni. Pale pale ndipo alipodondoshea tone la mafuta kila mara kabla hajayamimina mgongoni kwa mtu, apime kama yamepoa.

Siku hiyo ilikuwa Alhamisi asubuhi, nyumbani kwetu. Nilikuwa nimelala kifudifudi mkekani, pumba zimeshaoshwa, ngozi inanisisimka. Shangazi yangu Eufrasia alikaa pembeni akisuka ukili na kunielekeza jinsi ya kuishi na wakwe. Mama alikuwa uani. Nilimsikia Mama Konsolata akiepua chungu. Nikamsikia akidondosha tone mkononi mwake, kisha akasema, "Tayari, mwanangu. Legeza mabega."

Akamimina.

Sijui nilipiga kelele gani. Nakumbuka nilijikuta nimesimama uani bila nguo na mama amenishika, na ngozi ya bega langu la kulia imejikunja kama utando wa juu ya maziwa. Ndani shangazi alikuwa akifoka.

"Unamuua mtoto! Mafuta ya moto vile!"

"Si ya moto," Mama Konsolata alikuwa akisema. "Eufrasia, nimeyapima. Umeniona nikiyapima. Tazama!"

Akanyoosha mkono wa kushoto ili shangazi aone kwamba hakuna kitu. Mimi na mama tulikuwa tumerudi mlangoni, kwa hiyo tuliona pamoja nao. Juu ya lile baka lengelenge lilikuwa limeshaanza kuvimba, limejaa maji, kubwa kama punje ya hindi. Tulilitazama likikua. Mama Konsolata naye alikuwa akilitazama, kama vile mkono ule ulikuwa wa mtu mwingine.

"Linauma?" shangazi aliuliza.

Mama Konsolata alilibonyeza kwa kidole, akaendelea kulitazama.

Shangazi alichukua sindano yake ya kushonea ukili. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Geuza uso ukutani, Emerensiana." Akageuza. Shangazi akamchoma kwenye baka, kando ya lengelenge, mara moja, mara mbili. Damu ikatoka. Mama Konsolata aliendelea kutazama ukuta, akisubiri.

"Basi, nichome," alisema.

Mama alisogea. Nilidhani anakwenda kumshika yule mama wa watu, kumbe alikuwa anarudi nyuma, ananivuta na mimi. Shangazi Eufrasia aliirusha sindano jikoni, kwenye moto.

"Toka nje," alisema. "Vyombo vyako tutavileta. Usiguse mlango, tutakufungulia."

Kila mtu Ifakara alijua ni ugonjwa gani unaoifanya ngozi isisikie moto. Wagonjwa wake tuliwaona wakienda na kurudi kanisani kwa njia yao, na misheni ilikuwa na kambi yao nje ya mji. Tulichokuwa hatujui ni kwamba unaweza kuwa ndani ya mikono iliyotugusa sote.

Yaliyotokea nyumbani kwake saa ile alinisimulia mwenyewe miaka miwili baadaye, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku mikono yake ikiendelea na kazi.

Alipofika, Fulgensi alikuwa kivulini akiziba tundu la wavu. Alimwonyesha mkono. Alitegemea ataruka, au atalia, au atasema haiwezekani. Fulgensi aliendelea na fundo lake mpaka akalikaza. Kisha akasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Nilijua tangu mavuno ya mwaka juzi. Ulishika jungu la wali kwa mkono mtupu, ukalitua bila haraka, ukaendelea kuongea. Mimi nilipoligusa liliniunguza."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Mama Konsolata aliniambia kwamba habari ya mkono ilimshtua kama mtu aliyemwagiwa maji baridi, lakini hii ilimuua. Mwaka mzima na zaidi. Alianza kutaja kwa majina watoto wachanga aliowakanda katika muda huo. Alitaja mtoto wa Tekla, mapacha wa kule kivukoni, wajukuu wa katekista. Kila jina alilolitaja, Fulgensi aliinamisha kichwa zaidi. Alipofika mtoto wa kumi na tisa aliacha, akaingia ndani, akafunga kanga mbili na rozari, akatoka.

"Unakwenda wapi?" Fulgensi aliuliza.

"Unapopajua," alisema. Akaenda kambini kwa miguu, peke yake, jua likiwa bado juu.

Pale sista mganga alimkalisha kwenye kigoda, akamwambia afumbe macho. Alikuwa na unyoya wa kuku, sindano, na chupa mbili ndogo za maji, moja ya moto na moja ya baridi. "Nikikugusa, sema," sista alimwambia. Alikaa amefumba macho muda mrefu. Kuku walilia nje. Mwishowe akasema, "Sista, anza basi, nina haraka."

"Nimeshamaliza, mama," sista alisema.

Huku mjini nako hakukukalika. Ijumaa asubuhi wanawake walikuwa wameshajaa uani kwake na vibuyu vya mafuta walivyonunua, wanavipasua mlangoni mmoja baada ya mwingine. Harufu ya kivumbasi ilifika mpaka barabarani. Fulgensi alikaa ndani. Wenye watoto wachanga waliwavua nguo wakawasugua kwa majivu mpaka wakavimba. Mama yangu alinisugua kwa sabuni ya magadi na mchanga, juu ya kidonda kibichi, huku analia na mimi nalia. Kovu nililo nalo, mama alilifanya zaidi kuliko yale mafuta.

Na mimi nilikwenda. Nasema ili ijulikane. Nilitoka na bega lililofungwa kitambaa, nikachukua kibuyu cha dada yangu, nikakipasua kwenye jiwe la Mama Konsolata la kusagia. Nilikuwa naogopa. Lakini nilikuwa pia nafurahia ule mlio wa kibuyu, na furaha ile ndiyo iliyonitisha baadaye.

Wakwe zangu walikuwa wameshaanza safari ya kuja harusini, na habari iliwakuta njiani kabla ya Jumamosi. Wakarudi Chita, wakatuma mtu: ndoa isimame, bibi harusi ameshikwa na ukoma. Mama alinipeleka kwa sista. Sista alinifumbisha macho, akanigusa kwa unyoya mgongo mzima, mikono, masikio, na kila mara nilisema "hapo," "hapo," "hapo." Akatuambia kwamba ugonjwa huu si kama upupu, hauruki kutoka kiganja hadi mgongo kwa siku moja. Watu wengi huishi nyumba moja na mgonjwa wasiupate. Akasema pia kwamba sasa kuna vidonge, na kwamba mgonjwa anayevimeza kila siku bila kukosa hupona.

"Hupona kabisa?" mama aliuliza.

"Hupona. Vidole vilivyokwisha kuharibika havirudi. Lakini hupona."

Mama alimtazama kama mtu aliyetukanwa. Vibuyu vilikuwa vimeshapasuliwa.

Sista aliandika barua kwamba mimi ni mzima. Valeriani mwenyewe aliifuata, akaja kwa miguu kutoka Chita, mwendo wa siku tatu, bila kuwaaga wazee wake. Alifika na matope mpaka magotini. "Nimekuja kukuona wewe, siyo karatasi," aliniambia, ingawa karatasi aliisoma mara mbili. Tulifunga ndoa mwezi wa Mei, bega langu likiwa na bandeji chini ya gauni.

Miaka miwili nilikaa Chita bila kuthubutu kuuliza habari za Mama Konsolata. Niliporudi kumwona mama mwaka 1955, nilikwenda kambini. Nilitegemea kumkuta amelala gizani. Nilimkuta kibarazani, vidole viwili vya kushoto vimefungwa kitambaa, ameketi mbele ya safu ya watu waliotumbukiza miguu kwenye mabeseni ya maji.

"Shikamoo, mama," nilisema.

"Marahaba. Nani?" Kisha akaniona. "Yosefina. Geuka nione mgongo."

Niligeuka. Alivuta gauni, akatazama kovu kwa muda, hakuligusa. "Hili limesuguliwa," alisema.

Ugonjwa ule hukausha ngozi mpaka inapasuka, na mpasuko usiouma hugeuka donda, na donda hula kidole. Sista alikuwa amemwona siku moja akiwapaka wenzake mafuta ya nyonyo, akampa beseni na nafasi pale kibarazani. Wagonjwa waliloweka miguu nusu saa, kisha akawapaka maji yangali mwilini, ili unyevu usitoke. Joto la maji na mafuta alipimiwa na mwanamke mwingine mwenye mikono mizima. Hakupima tena mwenyewe.

Mzee mmoja, Polikarpo, asiye na vidole hata kimoja, alinyoosha mguu wake nione. "Mimi nimekaa hapa tangu zamani," alisema. "Kabla ya vidonge walitudunga sindano za mafuta ya mbegu za mti fulani wa mbali huko. Matako yalivimba huwezi kukaa. Huyu anapaka yake kwa nje, na hayaumi." Akacheka. "Ingawa mimi hata yakiuma sitajua."

Nilimwomba Mama Konsolata msamaha wa kibuyu. Aliniuliza kilikuwa cha nani. Nikasema cha dada yangu. "Kile kilikuwa cha ufuta wa kwanza," alisema, na hapo tu ndipo nilipoona macho yake yamelowa. Ndipo akanisimulia habari ya Fulgensi. Alikuwa akija kila Jumapili baada ya misa, anasimama nje ya ua na samaki wakavu mkononi. Mama Konsolata hakuwahi kutoka. Samaki waliliwa na akina Polikarpo.

"Utatoka lini?" nilimuuliza.

"Nikipata la kumwambia."

Alipewa cheti cha kupona mwaka 1957, baada ya masika. Nilikuwapo, kwa sababu sasa sikupita Ifakara bila kumwona. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilikuwa vimejikunja, basi. Fulgensi alikuwa nje ya ua kama kawaida, amezeeka zaidi ya ile miaka minne. Safari hii Mama Konsolata alitoka, akasimama mbele yake.

"Nina swali moja," alisema. "Ulinyamaza kwa ajili yangu, au kwa ajili yako?"

Nilijua jibu ambalo mwanaume yeyote angelitoa. Fulgensi aliweka samaki chini. Kisha akasema, "Kwa ajili yangu. Wangekuchukua. Nani angekaa na mimi?"

Nilishtuka mno hata nikainama chini.

"Ungesema kwa ajili yangu," Mama Konsolata alisema, "ningerudi ndani."

Akaingia, akatoka na sanduku lake dogo la bati, akamkabidhi. Akamwambia kwamba Jumatatu, Jumatano na Ijumaa atakuwa hapa kibarazani kama kawaida, apende asipende. Fulgensi akasema sawa. Mama Konsolata akatangulia kushika njia ya Lipangalala, mumewe nyuma na sanduku kichwani.

Niliwafuata. Walipofika sokoni wanawake walimpisha njia, pana mno. Shangazi Eufrasia alikuwapo akiuza mchele wake. Mama Konsolata alisimama mbele yake, akauliza bei ya kibaba. Shangazi alimtajia. Alimpimia kwa mbali, amenyoosha mkono asije akamgusa, mchele ukamwagika nusu chini, na hakuna kati yao aliyeinama kuuokota.