Mifugo Yangu ya Chandarua

"Kufikia Pasaka ijayo, nitakuwa na mifugo mingi kuliko mzee yeyote hapa Endasak!"

Maneno hayo niliyasema mimi, Hermani, kwenye harusi ya dada yangu Judith, nikiwa nimeshika kipaza sauti ambacho hakuna aliyenipa. Baba, aliyekuwa bado anaugulia ada ya stashahada ya mifugo niliyoiacha nusu, akasimama akanijibu mbele ya watu wote: "Haya. Fuga kitu chochote, kizae mikononi mwako, nikupe mtamba wa yule ng'ombe mweusi."

Kitu chochote! Nikaona mzee kajichimbia shimo mwenyewe. Sylvester, rafiki yangu wa chuo, alikuwa amenipa wadudu wa misitu ya kwao Tanga, wembamba kama vijiti vikavu; ukiwatazama unadhani kuni zimeanza kutembea. Nikawajengea banda la mbao na chandarua chumbani kwangu, nikawa nawalisha majani ya mpera. Mjomba Alfredi hakupita dirishani bila kuuliza:

"Hermani, ng'ombe wameshakamuliwa?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Uniwekee mtindi."

Somo pekee nililotoka nalo chuoni ni usafi wa banda. Kila asubuhi nilifagia mavi yao, vipunje vikavu, vingine vya mviringo vinang'aa kama mbegu, nikavimwaga kwenye lundo la samadi. Usafi ule hata mwili wangu haujawahi kuuona. Wadudu wakanenepa, wakazeeka, wakafa mmoja mmoja bila kuacha mtoto. Nikakitangazia kijiji kizima kwamba ni tasa, kosa ni la baridi ya mlima Hanang. Msomi hakosi sababu.

Mama naye, kama kila mwaka, akachota samadi akatia kwenye waridi zake. Waridi hizo ndizo hupamba altare siku ya Pasaka, na hakuna mwanamke parokiani anayethubutu kushindana naye.

Mvua zikanyesha. Wiki moja kabla ya Pasaka, mama akaniita kwa sauti anayofukuzia ngedere shambani. Nikakuta waridi zimebaki vijiti vitupu. Kisha kijiti kimoja kikatembea. Na kingine. Zile mbegu nilizokuwa nafagia kwa bidii zilikuwa mayai.

"Wamezaa! Baba, njoo uone! Mtamba wangu!"

Baba akaja na fimbo yake, akazunguka waridi taratibu kama anakagua ng'ombe mnadani.

"Kweli wamezaa. Kwako walikuwa nini?"

"Tasa," nikasema. Ningekanaje, wakati nilishakitangazia kijiji?

"Na hapa wamezalia kwa nani?"

Mjomba Alfredi alinijibia, huku anacheka ameshikilia uzio asianguke.

"Kwa dada yangu Kornelia!"

Jioni ile mtamba akafunguliwa, akakabidhiwa mama. Mama amempa jina: Stashahada. Mimi nikakabidhiwa safari ya Katesh, kutafuta maua ya altare kwa hela yangu.

Shada moja la waridi Katesh ni shilingi elfu ishirini.