Kiingereza cha Kutazama Chini

Nimefundisha Kiingereza miaka mingi katika sekondari moja nje kidogo ya Bariadi, na aibu yangu kubwa haimo kwenye matokeo ya mitihani. Inamhusu msichana mmoja wa kidato cha nne, binti wa mkulima wa pamba kutoka Migato.

Kiingereza chake hakikutoka kwangu. Alikiokota kwenye simu ya kaka yake, kwenye video fupi fupi za mitandaoni, akiiga sauti, mikono, hata namna ya kucheka. Mimi niliyekariri sarufi tangu utoto nilimwonea wivu, tuseme ukweli. Lakini kilichoniudhi zaidi ni macho. Kwetu Usukumani binti akizungumza na mkubwa hupiga goti kidogo na kutazama chini. Huyu akiongea Kisukuma au Kiswahili alipiga goti vizuri tu. Akianza Kiingereza, alisimama wima na kunikazia macho.

Siku moja alinisalimia hivyo mbele ya walimu wenzangu. Wakacheka: "Madamu, leo umepata mkaguzi!" Nikapandwa na hasira. Nikampigisha magoti kwenye changarawe.

"Simu imekufundisha lugha, imekunyima adabu. Ukiongea na mkubwa, lugha yoyote ile, tazama chini."

Tangu siku hiyo alitii. Nami nikajipongeza, mjinga mimi.

Katikati ya mwaka walikuja watu wa hoteli moja ya watalii, kuchagua vijana watakaofunzwa kazi ya mapokezi wakimaliza shule. Baba yake aliacha kuchuma pamba, akaja na baiskeli. "Mayu," aliniambia, akiniita mama kwa Kisukuma, "huyu akipata, nyumba nzima imepata."

Niliketi kwenye usaili kama mwalimu wa somo. Binti akaingia, akapiga goti, akajibu kila swali sawasawa, kwa kunong'ona, macho sakafuni. Alipokuwa anatoka, mama wa hotelini akanigeukia.

"Lugha anayo, ila mgeni atadhani anaficha kitu. Ndivyo alivyo siku zote?"

Ningesema tu kwamba ni mimi niliyemwinamisha. Lakini walimu wenzangu walikuwepo. "Ndiyo," nikajibu, "ni mtu wa aibu sana."

Mlango ulikuwa bado wazi, na binti alinisikia. Akaenda kwa baba yake, akamwambia ameshindwa mwenyewe, mwalimu amejitahidi. Mzee akaja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru.